Usimwambie Sellah Bado

Laini ya Pili, Shamba la Chai,
Kericho
17 Januari 1971

Kwa ndugu yangu Mosoti,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Tecla. Sisi tuko, Mungu ametushika. Mvua imekataa kabisa, majani ni machache, na nyapara anatufokea kama sisi ndio tumeizuia. Shemeji yako Nyamwange bado yuko kiwandani, zamu ya asubuhi.

Ukiona mwandiko huu usicheke. Barua zangu zote ulizopata ni binti yangu Sellah aliyeziandika, mimi nikisema. Sasa Sellah uko naye wewe huko Londiani, nami nimebaki na kusoma nilikofundishwa na watu wa kanisa. Nitaandika pole pole, na kwa Kiswahili, maana ndicho walichonifundishia.

Nataka ujue mtoto huyu alivyo. Akiwa na njaa hasemi. Akiumwa hasemi. Ukimwuliza atajibu, "Niko sawa," na wewe usiamini. Huku darasa la saba alizoea mwalimu mmoja tangu asubuhi mpaka jioni. Nasikia Fomu Wani kila somo lina mtu wake, na wote wanasema Kiingereza mbio mbio. Wewe ni mwalimu, mwonyeshe njia. Mwambie si dhambi kuuliza mara mbili.

Jambo lingine. Amezoea kuwa na mtoto mgongoni. Miaka mitano hii, mimi nikienda kuchuma, mama ya mdogo wake Bitutu amekuwa Sellah. Siku ya kuondoka Bitutu alishika sketi yake, tukamfungua vidole kimoja kimoja. Tangu jana ana joto kidogo. Nafikiri ni kwa sababu ya kulia.

Ni mimi dada yako,
Bilhah Kemuma


Londiani
2 Februari 1971

Dada yangu Bilhah,

Barua yako ilinifurahisha kuliko unavyojua. Mwandiko wako ni mzuri, na sikucheka. Tecla anakusalimu. Viazi vimekauka shambani, lakini ng'ombe wetu amezaa ndama jike, kwa hivyo maziwa yapo na Sellah anakunywa kila asubuhi.

Ametulia vizuri sana. Siku ya kwanza aliingia katika chumba cha kidato cha pili akakaa humo kipindi kizima, kwa sababu aliona aibu kusimama atoke. Viatu vilimchubua, maana hakuwa amevaa viatu siku nzima tangu azaliwe. Nilimfundisha kuvivaa nyumbani kwanza, saa moja, kisha saa mbili. Kila jioni tunakaa mezani na ratiba ya kesho, anapanga vitabu kwa mpangilio wa masomo, na ninamwambia kila mwalimu ni wa aina gani: yule wa hesabu ana sauti kubwa lakini hana ubaya, yule wa sayansi anapenda maswali. Maneno ya Kiingereza yanayompita anayaandika vile anavyoyasikia, nami namweleza.

Jumamosi alitembea mpaka njia panda ya Kericho, akarudi. Ni mambo ya utoto, usijali. Amenyamaza sasa.

Anamuulizia Bitutu kila siku. Ukijibu, andika habari zake hata mistari miwili nimsomee.

Ndugu yako,
Mosoti


Laini ya Pili
3 Machi 1971

Ndugu Mosoti,

Salamu kwenu wote. Barua yako nilipata siku nyingi, nisamehe kuchelewa. Kazi ilikuwa nyingi. Mvua imeanza. Ng'ombe wa Mzee Arasa alianguka katika mtaro wakamtoa kwa kamba. Mama Kepher hapa mlango wa pili amepata kazi ya kufagia ofisini. Nyamwange alipewa ruhusa ya siku nne, sasa amerudi kazini.

Mwambie Sellah asome. Mwambie asifikirie nyumbani, nyumbani hakuna kitu cha kufikiria. Asome tu.

Bilhah


Londiani
14 Machi 1971

Dada yangu,

Huku hatujambo. Baridi ya Londiani imemzoea Sellah, au yeye ameizoea, sijui. Nina habari njema. Wiki iliyopita mwalimu wa sayansi aliuliza swali, darasa zima likanyamaza, akasimama Sellah. Alijibu kwa Kiingereza kibovu, wenzake wakacheka, lakini hakukaa chini mpaka akamaliza. Mwalimu akawaambia, "Amecheka nani? Haya, aliyecheka asimame naye ajibu." Hakusimama mtu. Alipofika nyumbani alimsimulia Tecla kisa chote huku akiigiza sauti ya yule mwalimu. Tulikuwa hatujamsikia akicheka namna hiyo.

Lakini dada, barua yako ya mwisho niliisoma mara nyingi. Umenitajia ng'ombe wa Arasa. Umenitajia ufagio wa Mama Kepher. Bitutu hukumtaja.

Sellah naye aliisoma mwenyewe, akaigeuza nyuma kutafuta kama kuna maneno mengine. Akaniuliza, "Mjomba, mbona Mama hakusema Bitutu amepona?" Nikamwambia pengine karatasi ilikwisha. Akasema, "Lakini hapa chini pana nafasi."

Anaokota vipande vya chaki ubaoni wakitoka darasani, anavitia katika mkebe wa dawa ya viatu. Anataka kumfundisha mdogo wake a, e, i, o, u wakati wa likizo.

Nyamwange alipewa ruhusa ya siku nne za nini?

Mosoti


Laini ya Pili
24 Machi 1971

Ndugu yangu,

Sina salamu leo.

Bitutu alikufa tarehe 12 Februari, Ijumaa. Lile joto lilikuwa surua. Watoto saba katika nyumba hizi za laini waliugua, sita wakapona. Kwake iliingia kifuani. Tulimpeleka zahanati, wakampa dawa siku tatu. Siku ya nne aliamka vizuri, akataka uji, nikaenda kuupika. Niliporudi hakuwa anautaka tena.

Tulimpeleka nyumbani kwa Nyamwange kwa gari la mtu, tukapita Chepilat mvua ikinyesha, nimempakata. Tulimzika Jumapili. Najua wewe ni mjomba wake na ilikupasa kuwepo. Watu waliniuliza, "Mosoti yuko wapi?" Nikasema hukupata habari. Ni kweli hukupata, kwa sababu sikuituma. Ungekuja wewe, Sellah angejua.

Alimwita. Siku zote alizougua hakuniita mimi. Alikuwa akisema, "Sellah amekuja?" Nami namwambia, "Kesho." Nyamwange alisema tumtumie mtoto neno aje. Mimi nilikataa.

Sikiliza Mosoti, halafu unihukumu. Mama yetu alipokufa mimi nilikuwa darasa la tatu, wewe ulikuwa hujaota meno. Waliniambia nikae nyumbani kidogo mpaka kilio kiishe. Kilio kiliisha, na shuleni sikurudi. Nilikuwa nakubeba wewe. Najua vile msiba unavyomshika msichana. Unamshika mkono kwa upole, na ukija kushtuka, miaka yako imekwisha. Sellah akija huku sasa, akiona vile nilivyo, hataniacha. Namjua. Atachukua kikapu cha chai.

Usimwambie Sellah bado. Afanye mtihani wa muhula. Akifunga shule nitamwambia mwenyewe.

Bilhah


Londiani
30 Machi 1971

Dada yangu, pole. Pole sana. Nimeliandika neno hilo na kulifuta, na sasa naliacha kwa sababu sina lingine.

Sikukuhukumu. Lakini imeniuma. Sikumtupia mtoto wetu hata konzi moja ya udongo.

Nami nina jambo nililokuficha, na baada ya barua yako siwezi tena kulala nalo. Ile Jumamosi ya tarehe 30 Januari, Sellah hakutembea tu mpaka njia panda. Alitoroka. Alifunga nguo zake katika leso akaondoka kabla hatujaamka. Nilimkuta saa nne, ameketi na wanawake wanaouza viazi, akingoja gari la Kericho. Hakulia. Aliniambia, "Mjomba, Bitutu anaumwa, nimeona alivyokuwa macho siku ile. Nikamwone tu, Jumatatu nitarudi." Nilimwambia anatafuta kisingizio cha kuacha shule. Nilimshika mkono mbele ya wale akina mama nikamrudisha, na njiani nikamweleza vile wewe ulivyotaabika ili asome. Tangu siku hiyo hakuniomba kitu tena. Ndiko huko kutulia nilikokuandikia.

Nimehesabu, dada. Kutoka siku ile mpaka tarehe 12 ni siku kumi na tatu. Angemkuta hai. Wangekaa pamoja.

Tecla amekasirika nasi sote wawili. Jana ameniambia, "Alikuwa mkubwa wa kutosha kumlea, mbona si mkubwa wa kutosha kumlilia?" Kwao Wakipsigis, anasema, mtoto hafichwi msiba wa nyumba yake. Nikamjibu kwamba hata kwetu hafichwi. Akauliza, "Basi hii desturi mmeitoa wapi?"

Nitafanya unavyotaka kwa sababu wewe ndiwe mama yake, na kwa sababu ya hayo uliyoyaandika ya mama yetu. Sikuwahi kujua uliacha shule kwa ajili yangu. Hakuna aliyeniambia.

Wanafunga Alhamisi, tarehe 8 Aprili. Nitamleta mwenyewe. Ukikubali, nitamwambia njiani, ili asifike hajui.

Mosoti


Laini ya Pili
2 Mei 1971

Mosoti,

Salamu kwa Tecla.

Nilikutumia neno kwamba nimekubali, umwambie njiani. Hukumwambia. Sellah anasema mlishuka Kericho, ukamnunulia mkate, ukashika mkate ule muda mrefu, halafu ukampa ukampandisha gari la Kiptere na ukasema una mkutano wa walimu. Alhamisi ya kuelekea Pasaka. Mkutano gani?

Alifika saa nane, mimi niko shambani. Aliingia laini akiita jina la Bitutu tangu pale kwenye bomba la maji. Watoto waliokuwa wakicheza wakaacha mchezo wakamtazama. Mama Kepher alitoka amtangulie, lakini Sellah alikuwa amekwisha kuingia nyumbani. Aliona kimebaki kitanda kimoja. Nguo za Bitutu hazipo. Hakumwuliza mtu. Alikuja shambani vile vile na yunifomu yake, akapita kati ya mistari ya chai mpaka akanifikia. Wachumaji wote walisimama.

Akasema, "Lini?"

Nikasema, "Februari. Tarehe kumi na mbili."

Akasimama akihesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Basi ile siku nilipotaka kuja, alikuwepo."

Nikamwambia alikuwepo. Nikamwambia alimwita. Sikutaka kuficha tena. Labda hapo pia nilikosea.

Hakulia. Alinitua kikapu mgongoni akakivaa yeye, akaanza kuchuma pale nilipoachia. Nyapara alitaka kusema kitu, akaona uso wake akaenda zake.

Mkebe wa chaki ameuweka juu ya dirisha. Yunifomu ameikunja. Shule zinafunguliwa kesho, na ameniambia haendi. Si kwa hasira. Amesema kama mtu anayesema leo ni Jumapili. Kile nilichokiogopa, nimekileta kwa mikono yangu.

Bilhah


Londiani
16 Mei 1971

Dada yangu Bilhah,

Hapakuwa na mkutano. Kutoka hapa mpaka Kericho nilikuwa nikiyapanga maneno, naye alikuwa amefungua mkebe wake ananionyesha chaki ya rangi ya samawati, kipande kirefu, aliyopewa na mwalimu wa jiografia. Nilishindwa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wasiogope. Nilimpandisha garini, nikasimama pale stendi mpaka gari likapotea, nikamwacha mtoto wa miaka kumi na minne aende peke yake mahali nilipoogopa kwenda mimi.

Naomba umsomee Sellah sehemu hii, au mpe aisome.

Sellah, nilikurudisha njia panda kwa nguvu na nilikuwa nimekosea. Ulijua mdogo wako anaumwa, mimi nikadhani najua zaidi. Baadaye nilijua amekufa, ukaniuliza, nikakaa kimya. Sina la kujitetea. Nafasi yako katika kidato cha kwanza nimekuombea na wameishika hadi Septemba. Si lazima uichukue. Kitanda chako kiko hapa, na Anti yako Tecla hajakubali mtu alale hapo.

Dada, kama atakasirika, mwache akasirike. Mimi nitangoja.

Mosoti


Laini ya Pili
18 Julai 1971

Ndugu yangu Mosoti,

Nakusalimu na Tecla. Sisi tuna afya. Majani sasa ni mengi. Sellah anachuma kunishinda, na kila jioni akimwaga majani kwenye mizani watu humsifu. Wakimsifu, roho yangu inaumia.

Barua yako aliisoma akairudisha mezani. Hakusema kitu wiki saba.

Juma lililopita Nyamwange aliomba ruhusa, akatuchukua sisi wawili nyumbani kwake. Mimi tangu maziko sikuwa nimerudi. Kaburi limezama kidogo kwa mvua, majani yameota. Sellah aliomba jembe kwa shangazi yake, akapalilia, akajaza udongo, akaukanyagakanyaga kwa miguu, kazi ya saa nzima, hakutaka kusaidiwa. Alipomaliza aliketi akalia. Mosoti, alilia mpaka nikaogopa. Nilitaka kumnyamazisha, Nyamwange akanizuia. Halafu nikaketi karibu naye nikalia mimi pia, na hapo nikajua kwamba toka Februari sikuwa nimelia. Nilikuwa nakwenda kazini tu.

Tukiwa garini kurudi akasema, "Mama, ulifikiri nitaacha shule."

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Na nimeiacha."

Nikasema ndiyo.

Tulipofika Chepilat akasema, "Septemba nitarudi. Lakini Mama, mkinificha kitu tena, hata kidogo, nitatoka na msinitafute. Siwezi kusoma huku nikitazama barua kama zina nafasi chini."

Nilimwahidi. Nawe umwahidi utakapomwona. Usimwambie maneno mengi. Atakusalimu kwa heshima, lakini usitarajie zaidi. Amesema jina lako mara moja tu.

Dada yako,
Bilhah


Laini ya Pili
22 Septemba 1971

Mosoti na Tecla, na Sellah,

Safari hii naandika kwa ninyi watatu. Mosoti, barua hii msomee Sellah yote leo leo, kabla hajala, wala usiruke neno.

Sellah, baba yako ameanguka kazini Jumatatu. Aliteleza kwenye ngazi yenye maji, mguu wa kulia umevunjika mahali pawili. Yuko hospitali Kericho. Nilimwona jana. Anasema na anakula. Daktari amesema mguu utapona lakini utakuwa mfupi kuliko mwenzake, na kazi ile ya kusimama hataiweza tena. Kazi nyingine hatujui kama watampa. Mimi naogopa. Sikulala siku mbili.

Hayo ndiyo yote ninayojua. Nikijua zaidi nitaandika. Baba yako alisema nisikuandikie, una mitihani Oktoba. Nimemwambia nilikwisha kuahidi.

Mama yako,
Bilhah


Londiani
17 Oktoba 1971

Dada yangu,

Sellah alifika salama kutoka kwenu, na ametuambia Nyamwange sasa anasimama kwa magongo. Tunashukuru. Tecla anatuma siagi, ipo kwenye kopo hili pamoja na barua.

Ulitaka kujua ilikuwaje siku ile. Nilimsomea barua yako nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniomba aisome mwenyewe. Kisha akauliza, "Mjomba, kesho kuna gari la saa ngapi?" Nikamwambia la saa moja. Asubuhi tulikwenda njia panda pamoja, nikampandisha, na safari hiyo nilipanda naye mpaka mlango wa hospitali, kama ulivyoona.

Mtihani ameufanya. Amekuwa wa ishirini na tatu kati ya thelathini na sita. Amekosa muhula mzima, kwa hivyo mimi sioni vibaya. Yeye hakufurahi, na nimefurahi kwamba hakufurahi. Hesabu tunaifanya upya kila jioni, tangu mwanzo wa kitabu. Baadhi ya jioni ananijibu kwa neno moja moja. Nyingine ananiuliza mambo. Kuna siku anaondoka mezani katikati ya sentensi, anakwenda kusimama uani, na Tecla ananiambia nisimfuate.

Jana kulikuwa na fomu ya shule ya kujazwa, mimi nikiwa mlezi wake. Tuliipeleka pamoja kwa mwalimu mkuu. Palikuwa na mahali pa kuandika idadi ya ndugu, nami nilikuwa nimepaacha wazi kwa sababu sikujua niandike nini. Mwalimu mkuu akaona pengo lile akamwuliza, "Wewe huna ndugu?"

Nilitaka kumjibia. Nilikwisha kufungua mdomo.

Sellah akasema, "Ninaye mmoja. Anaitwa Bitutu."

"Yuko darasa la ngapi?"

"Alikufa Februari. Alikuwa na miaka mitano."

Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini akasema pole. Sellah akasema asante. Kisha akaichukua ile kalamu, akaivuta fomu upande wake, na mahali nilipopaacha wazi akaandika: mmoja.

Tukarudi nyumbani tukapitia njia ya msituni. Alilia njia nzima, dada, na hakujificha nisimwone.

Ndugu yako,
Mosoti